Tyra wa Ng'ambo na Matundu ya Ziwa Njalla

Pale Njallavik mtu haitwi kwa jina la ukoo, maana koo ni tatu tu na zote zimeshaoana. Anaitwa kwa mahali anapolala. Yupo Evert wa Kivukoni, yupo Sixten wa Mabandani, na yupo huyu ninayetaka kumsimulia, Tyra wa Ng'ambo. Nyumba yake ya mbao nyekundu iko upande wa pili wa ghuba, peke yake. Ukitaka kumtembelea wakati wa kiangazi sharti upige makasia, na wakati wa baridi unatembea tu juu ya maji.

Nimepita vijiji vingi na nimechanja kuni za watu wengi, lakini kwa Tyra nilikuwa narudi kila nilipopata njia, kwa sababu kahawa yake ilikuwa nzito na maswali yake machache. Anakata jibini vipande, anavitia kikombeni, anamwaga kahawa juu yake, halafu anakuacha utafune na unywe kwa nafasi yako. Kama una shida utaisema mwenyewe. Usipoisema, haimhusu. Wote kule wako hivyo. Niliwahi kukaa na mguu uliofungwa bendeji wiki nzima, na hakuna aliyeniuliza umefanya nini, ila kila asubuhi nilikuta mtu amenifagilia theluji mlangoni.

Tyra alizaliwa hukohuko Ng'ambo, kitindamimba wa fundi wa nyaya za simu aliyeitwa Algot. Alipika shuleni mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Akawaokea wapita njia maandazi ya kubanwa kwenye chuma cha moto, yale ya mraba yanayoliwa na jemu ya matunda ya manjano, mpaka barabara ikahamishwa. Kazi ya kuongoza wavuvi ilimjia bila kuitafuta. Mchungaji mmoja kutoka kusini alikuja ziwani na keekee mpya ya kutobolea barafu, akatoboa tundu, akasimama juu yake na fimbo mkononi kama mtu anayengoja basi. Tyra alimtazama kutoka dirishani mpaka kahawa ikaisha, kisha akaenda.

"Baba mchungaji," akamwambia, "samaki wako chini. Wewe mbona uko juu?"

"Nifanyeje, mama?"

"Lala."

Akamtandikia ngozi ya kulungu wa kaskazini, manyoya juu, akamlaza kifudifudi, uso ndani ya tundu, akamfunika kichwa kwa koti ili mwanga usiingie. Ukilala hivyo, baada ya muda macho yanazoea, na maji ya Njalla yanafunguka chini yako kama chumba kilichowashwa taa. Unaona mawe ya chini moja moja. Unaona ndoana yako na funza wake mweupe. Kisha anaingia trauti, samaki wa maji baridi, mgongo wa kijani, tumbo jekundu kama kaa la moto, mapezi yana ukingo mweupe, anaizunguka ndoana yako kama mama anayechagua kitambaa dukani. Mchungaji alipomwona wa kwanza aliruka akagonga paji la uso kwenye barafu. Alirudi kwao na nundu, akaisimulia kanisani, na mwaka uliofuata ikaja nusu ya kanisa.

Hivyo ndivyo Tyra alivyokuwa mwongozaji, na akawa hivyo majira mengi, mpaka kina nundu walikuwa wanakuja na wajukuu zao. Mpwa wake Sixten, mwenye mabanda ya wageni pale ufukweni, alikuwa anawapokea, anawalaza, anawalisha, na asubuhi anamkabidhi shangazi yake. Tyra alikuwa na desturi moja. Analala yeye kwanza kwenye kila tundu. Akiinuka na kusema "wapo," wageni wanalala. Akiinuka bila kusema kitu, wanakusanya ngozi zao wanamfuata mbele. Hakuwahi kubahatisha.

Sasa, mwaka ninaousema, macho yake yaliharibika.

Ilianza vuli, kama mtu amepaka maziwa kwenye dirisha. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa mjini alimwambia si jambo kubwa, atamtengeneza, lakini foleni ni ndefu na zamu yake haitafika mpaka kiangazi kipite. Tyra akarudi nyumbani, hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu siku moja alinisifu nimepanga kuni vizuri, nami nilikuwa sijazigusa. Nilishukuru tu, nikaenda kuzipanga haraka kabla hajapita karibu. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua.

Unaweza kujiuliza aliogopa nini. Aliogopa kuondolewa barafuni. Mwongozaji wa Njalla anasifiwa kwa kuona, na asiyeona atawaambia nini wageni? Zaidi ya hapo, huko pwani kulikuwa na kijana aliyekuwa na mashine yenye kioo, unaizamisha inakuchorea samaki kama kwenye televisheni, na Sixten alishazungumza naye kwenye simu mara mbili. Tyra alijua. Na Tyra bila barafu angebaki kikongwe mmoja mwenye vikombe vingi. Hilo alikuja kuniambia mwenyewe baadaye, kwa maneno hayohayo.

Basi alivuka majira ya baridi kwa ujanja. Wageni wa Januari na Februari walikuwa wachache, wenyeji wa karibu wanaojilalia wenyewe. Pasaka ndiyo iliyokuwa mtihani. Jua linakuwa kali, theluji inang'aa mpaka macho mazima yanatoka machozi, na wageni wa kusini wanamiminika. Mwaka ule walikuja watatu ambao Sixten alikuwa anawabembeleza sana, kwa sababu walikuwa wanatafuta mahali pa kuleta chama chao kizima kila Pasaka. Alikuwepo Folke, mwenye duka la baiskeli, mtu wa maneno. Alikuwepo mkewe Ingegerd, aliyefundisha kuogelea, mkubwa wa mwili na mpole. Na alikuwepo Rutger, kaka yake Folke, ambaye alikuwa hajawahi kupata samaki popote, na alikuwa ameshaamua kwamba hawapo.

"Mama, niambie ukweli," Rutger alimwambia Tyra asubuhi ya kwanza, wakiwa wanafunga ngozi kwenye sleji ya kukokotwa nyuma ya pikipiki ya theluji. "Hii ngozi inanuka kulungu."

"Ni ya kulungu."

"Kwa hiyo nimesafiri siku nzima kuja kunusa kulungu."

"Ukimaliza kunusa utavua," Tyra akasema.

Walikwenda mpaka kwenye rasi. Tyra alipima kina kwa timazi, akaona panafaa, akatoboa matundu matatu. Hakulala. Alisema mgongo unamsumbua, wajilalie wenyewe, wamwambie wanachokiona. Wakalala. Yeye akasimama nyuma na kikombe, akitazama weupe mtupu.

"Mnaona nini?" akauliza.

"Mawe," akasema Ingegerd.

"Mimi naona kiatu changu cha ubongo kimelowa," akasema Rutger, akimaanisha kofia yake.

"Mimi namwona," akasema Folke kwa mnong'ono kutoka ndani ya tundu lake. "Mungu wangu, mkubwa. Mweusi. Amekaa chini pale kwenye mawe."

Moyo wa Tyra ukatulia. "Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Ametulia."

"Wakubwa wako hivyo. Hawana haraka. Mtikisie ndoana kidogo, halafu acha."

Folke alitikisa, akaacha. Ingegerd na Rutger nao walihama wakaja kutazama kwa zamu, wakakubaliana kwamba ni mkubwa kupita kiasi. Wakatoboa matundu mengine kumzunguka. Walimbadilishia funza, wakamletea chambo cha bati kinachong'aa, wakamwekea kipande cha soseji. Asubuhi ikaisha, chakula cha mchana kikaliwa kwa kunong'ona.

"Labda anawaza," akasema Folke.

"Anawaza nini muda wote huu?" akasema Rutger. "Mimi nimewaza kuhusu ndoa yangu ya kwanza yote na ya pili nimefika katikati."

"Vumilia," akasema Tyra.

Mwisho Rutger alichoka kuvumilia. Akashusha ndoana kubwa yenye miiba mitatu mpaka ubavuni mwa yule samaki, akavuta kwa nguvu. Kilipanda gogo. Gogo la msonobari lililooza, jeusi, limekaa kwenye maji pengine tangu enzi za Algot, baba yake Tyra.

Ingegerd alisema ni gogo zuri. Kisha Folke akaanza kutikisika mabega, na Rutger akalibeba lile gogo kifuani mpaka mabandani, akamwomba Sixten amtafutie sahani kubwa.

Sixten alicheka pamoja nao kama mwenyeji anavyotakiwa kucheka. Lakini walipoingia kuoga alimfuata shangazi yake pale kwenye pikipiki.

"Shangazi. Gogo?"

"Gogo."

"Siku nzima?"

Tyra alijifanya anakaza kamba ya sleji. Sixten alikuna shingo, akatazama mlima, akatazama viatu vyake. Kwa mtu wa kule, aliyosema baada ya hapo yalikuwa ni kama kuvunja mlango. "Shangazi, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Haya. Kesho ndiyo siku yao ya mwisho. Wakirudi mikono mitupu sitaweza kuwazuia, na itabidi nimpigie yule kijana wa pwani aje na kile kioo chake. Sipendi. Nakuambia tu usije ukasikia kwa mwingine."

"Umesema vizuri," akasema Tyra, akapanda pikipiki yake, akavuka ghuba polepole, akifuata alama za jana kwa kuzihisi chini ya skii, zile mbao za pikipiki za kutelezea.

Kesho yake alikuja kuniomba nimbebee kuni za kuwashia kahawa, kitu ambacho hajawahi kuomba, kwa hiyo nilikuwepo na niliyaona yote. Kulikuwa hakuna upepo. Kule mbali, karibu na kisiwa, palikuwa na mfuko wa turubai juu ya barafu na miguu miwili imetokeza nje. Huyo ni Evert wa Kivukoni, amelala ndani ya mfuko wake wa upepo, anavua. Evert na Tyra walisoma darasa moja na walikuwa wamebishana tangu darasa hilo. Mke wake Evert alifariki miaka mingi nyuma, na tangu hapo ubishi ndio uliomweka hai, nadhani.

Tyra alisimamisha pikipiki, akashuka, akatembea mbele akiburuta miguu, akitafuta pa kuanzia. Mara goti lake likagonga kitu. Akainama, akapapasa. Kijiti cha mti wa gome jeupe, kimesimamishwa kwenye theluji pembeni ya tundu lililotobolewa karibuni. Akaenda hatua chache, akagonga kingine. Na kingine. Vilikuwa vimepangwa mstari kutoka rasini kwenda kwenye kilima cha mawe kilichozama, pale hasa trauti wanapopenda kulisha, na juu ya kila kijiti kilifungwa uzi mwekundu wa sufu, mnene, ambao hata kipofu asingeukosa.

Kule Njalla tundu lenye kijiti lina mwenyewe. Halina ukuta wala kufuli, lakini hakuna anayelivua, hata kama mwenyewe yuko kitandani kwake anakoroma, mpaka lijigandie lenyewe. Tyra alishika ule uzi, akalipapasa fundo lake kwa kidole gumba. Uso ulimbadilika rangi. Akaelekea kule kwenye mfuko wa turubai, nami nikamfuata na kuni zangu kwa sababu hakuniambia niziweke wapi.

"Evert."

Ile miguu ikajikunja.

"Evert, yale matundu ni ya kwako?"

"Matundu gani?" sauti ikatoka ndani ya barafu.

"Yale yenye vijiti."

"Sina matundu. Leo sijatoka nyumbani."

"Uko hapa unaongea nami."

"Nimetoka sasa hivi."

"Lile fundo ni lako. Unafunga fundo hilo tangu darasa la pili, mwalimu alikukataza ukaendelea."

"Watu wengi wana vidole," akasema Evert.

Tyra akashusha sauti. "Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Evert."

Mfuko ukajipinda, kichwa cha Evert kikatoka, ndevu zina barafu. "Tyra, mimi ni mzee, natoboa barafu kwa mazoezi ya mabega. Nikichoka naacha matundu palepale. Mtu akiyavua mimi sina habari."

"Sivui tundu la mtu. Unajua."

"Najua," akasema Evert kwa huzuni, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba litakuja hilo. "Mkaidi we."

"Lakini," akasema Tyra, "macho ya mtu hayazuiwi kutazama kijiti kiko wapi."

"Hayazuiwi," akasema Evert, akarudi ndani ya mfuko wake haraka kabla hajabadili mawazo.

Basi Tyra alirudi kwenye mstari wa vijiti, akaufuata kwa mkono mpaka mwisho, akajua sasa kilima cha mawe kiko upande gani wake. Akasogea pembeni umbali wa heshima, ule ambao mtu akipiga chafya mwenzake hana haja ya kumwambia afya, akashusha timazi, akalisikia linagonga jiwe. Akatoboa matatu yake mwenyewe. Jasho lilimtoka. Rutger alitaka kumsaidia, akamwambia amsaidie kwa kunyamaza.

Wakalala. Ngozi tatu, makoti matatu yamefunika vichwa, na miguu sita imenyooka juu ya theluji. Tyra akasimama nyuma yao mikono kifuani. Mimi niliwasha moto. Nilimwona jinsi alivyosimama, na nilimwonea huruma, maana hakuwa na la kufanya. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa chini ya barafu na yeye alikuwa juu.

Halafu niliona kichwa chake kimeinama upande. Alikuwa anatazama viatu.

Kiatu cheusi juu ya theluji ya Pasaka, chini ya jua lile, hata mwenye maziwa kwenye dirisha anakiona. Viatu vya Folke vilikuwa haviachi kucheza, kimoja kinakiambia kingine, maana Folke alikuwa anaongea na samaki huko ndani. Vya Ingegerd vilitulia sambamba kama viatu dukani. Vya Rutger vilikuwa vinapiga theluji, tap, tap, tap, vya mtu aliyelipwa deni kwa maneno matupu.

Mara vya Rutger vikanyamaza.

"Rutger," akasema Tyra taratibu, "usivute."

"Sijavuta," ikatoka sauti ya Rutger, nyembamba, tofauti na ya jana. "Kuna... mama, kuna kitu. Kinatembea."

"Najua. Yuko mbali bado?"

"Anakuja. Anaizunguka. Amesimama. Umejuaje?"

"Inua ndoana, unene wa kidole kimoja. Polepole. Sasa acha ishuke yenyewe."

Vidole vya miguu vya Rutger vilianza kuchimba theluji. Kisigino cha kushoto kikapanda juu, kikabaki hewani kama cha mtu anayesahau kumalizia hatua. Tyra alikuwa anakifuata kwa uso wake wote.

"Amegeuka anaondoka," akalalamika Rutger.

"Mwache. Atarudi. Usipumue sana."

Kisigino kikakaa hewani. Kisha magoti yote mawili yakakaza kwa mpigo mmoja.

"Sasa," akasema Tyra.

Rutger alivuta, akajiviringisha, akainuka na koti kichwani haoni kitu, anavuta mshipi kwa mikono kama anayeteka maji kisimani, na kilichopanda kutoka kwenye tundu kilikuwa trauti wa kiasi cha mkono mpaka kiwiko, tumbo jekundu, anarukaruka juu ya theluji. Rutger alipiga magoti mbele yake. Mtu aliyekuwa na maneno tangu siku ya kwanza akavua glavu na kumgusa kwa kidole kimoja.

"Ana baridi," akasema mwishowe.

"Anatoka barafuni, ulitaka awe na nini?" akasema Folke kutoka ndani ya tundu lake.

"Folke, viatu vyako vinaongea," Tyra akamwambia. "Samaki wamekuja mara mbili wakaondoka. Vinyamazishe."

Folke akavinyamazisha. Ilimgharimu, unaweza kuona mpaka mapajani. Baada ya muda naye akapata, mdogo, lakini wake. Ingegerd ndiye aliyekuwa fundi wa wote. Samaki akimkaribia alikuwa anapandisha kifundo cha mguu mmoja juu ya mwingine, taratibu, kama mtu aliyeketi barazani kwake jioni, na Tyra alikuwa anamwambia tu "huyo," na "huyo," na Ingegerd anavuta. Mpaka tunakunywa kahawa ya mchana walikuwa na samaki wa kutosha kuwalisha wote na Evert pia. Niliwatia wawili kwenye kikaango na siagi na chumvi. Tukala kwa mikono pamoja na mkate mwembamba.

Rutger alikuwa anamtazama Tyra tangu alipoketi.

"Mama," akasema, "jana ulikuwa umesimama nyuma yetu na hukuona gogo. Leo umesimama palepale ukaona samaki chini ya barafu. Nieleze."

Tyra alitafuna jibini lake mpaka mwisho. Angeweza kusema chochote, na wangemwamini. Nilidhani atasema mgongo umepata nafuu.

"Sikuona samaki," akasema. "Sioni samaki tangu kabla ya Krismasi. Nina mtoto wa jicho, huku na huku. Wewe sasa hivi ni koti la bluu linaloongea. Nimeona viatu vyenu."

Moto ukapasuka kidogo. Folke akatazama viatu vyake.

"Vinasema nini, vyangu?" akauliza Rutger.

"Vinasema huna subira, lakini samaki akija unamheshimu."

Rutger aliinamisha kichwa, kisha akaanza kucheka, cheko la chinichini lililokwenda likipanda, mpaka akashikilia ubavu. "Mke wangu wa kwanza," akasema, "aliishi nami miaka yote ile hakuwahi kuligundua hilo. Angetazama viatu."

Jioni jua lilikuwa bado juu tulipofika mabandani. Sixten alikuwa ametoka nje anangoja, mikono mifukoni, na hakuuliza kama wamepata, maana kule hakuulizwi hilo. Tyra alizima pikipiki. Hakuwapa wageni nafasi ya kumtetea.

"Sixten. Sioni. Macho yameziba. Gogo lile ni kosa langu, nilipaswa kulala kwenye tundu na nisingeona kitu hata hivyo. Sasa unajua, fanya unavyotaka."

"Najua, shangazi."

"Nimekuambia sasa hivi."

"Najua tangu Krismasi. Watoto wa wageni walijenga sanamu ya theluji hapa mlangoni. Ulisimama ukaigombeza kwamba iingie ndani, kofia peke yake haitoshi. Uliiita Sixten."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Hukuniuliza."

Ikabainika basi kwamba kijiji kizima kilikuwa kinajua. Mama wa dukani alikuwa anamsomea bei kwa sauti akijidai anajisemea mwenyewe. Mtu wa posta alikuwa anapiga honi mara mbili akimwona njiani. Evert alitoboa matundu yote yale siku iliyotangulia, kwa keekee ya mkono, mtu mwenye umri wake. Na kila mmoja alikuwa anaamini ni yeye peke yake aliyegundua, na kwamba akisema atamwaibisha. Majira yote ya baridi mwanamke mmoja alikuwa anakificha kijiji siri, na kijiji kinamficha yeye siri hiyohiyo, na wote wamechoka.

"Sasa huyo kijana wa pwani," akaanza Sixten.

"Ana kioo?" Rutger akamkatiza.

"Ana kioo kizuri sana, kinaonyesha samaki mpaka..."

"Kinaonyesha samaki. Mimi samaki nilimwona mwenyewe. Niliyekuwa simwoni ni mimi mwenyewe, na huyo hakuna kioo kinachomwonyesha." Akampa Sixten samaki wake amshikie, atafute glavu zake. "Chama tuko kumi na kitu. Tutakuja Pasaka ijayo na inayofuata. Lakini huyu mama asilale. Asimame nyuma yetu. Tukikuta amelala tunarudi nyumbani."

Sixten alimtazama shangazi yake. "Utaweza kusimama?"

"Ni kitu gani kingine nilichokuwa nafanya leo?" akasema Tyra.

Kijana wa pwani hakuitwa. Kiangazi kikapita, zamu ya Tyra ikafika, na mjini wakamsafisha macho, moja kwanza na wiki chache baadaye la pili. Alirudi na gari la posta. Kitu cha kwanza alichokiona ni uchafu wa jikoni kwake, akasugua siku mbili mfululizo akiwa amekasirika. Cha pili ni Evert, aliyekuja kwa mtumbwi kumletea viazi.

"Evert," akasema, "nywele zako ziko wapi?"

"Ziliondoka zamani. Ulikuwa huoni au ulikuwa hutazami?"

Tyra alimkaribisha ndani, na sikumbuki kama amewahi kumkaribisha kabla ya hapo.

Barafu iliposhika, kabla wageni hawajaja, alitembea peke yake mpaka kwenye kilima cha mawe, akatoboa tundu moja, akatandika ngozi, akalala. Nilikuwa natengeneza sleji ufukweni, nikamwona amelala muda mrefu, miguu imetulia kabisa. Alivua mmoja tu, akampeleka Kivukoni. Baada ya hapo hajalala tena mbele ya wageni. Alisema akiwa amelala alikuwa anavua samaki wake tu na kuwasahau watu. Pasaka wakaja Rutger na chama chake, wakatandika ngozi zao mstari mrefu, wakafunika vichwa, na Tyra akapita nyuma yao taratibu mikono mgongoni, akisimama hapa na pale, akisema neno moja kwa huyu na moja kwa yule. Evert alikuwa anamfuata na birika.

"Huyu wa tatu ana usingizi," Evert akanong'ona.

"Huyo wa tatu ana samaki kwenye ncha ya ndoana," akasema Tyra. "Ondoka kwenye mwanga wangu."

Evert akasogea pembeni, na yule wa tatu akavuta.